Mtoto Mpole wa Mtito Andei

Ukipita Mtito Andei bila kula chapati za Nzisa, rudi. Hukupita vizuri. Madereva wa malori wanajua. Wanaegesha kando ya barabara, wananyoosha miguu, halafu wanauliza, "Nzisa yuko jikoni leo?" Akiwepo, wanakaa. Asipokuwepo, wanakunywa chai huku wakinung'unika.

Hoteli ilikuwa ya Ndululu, mzee mnene mwenye sauti kubwa na roho isiyokuwa mbaya sana. Nzisa aliingia kazini mchana na kutoka usiku, kwa sababu wateja wengi walikuja na mabasi ya usiku. Mume wake, Kitheka, alikuwa utingo wa lori. Leo yuko Mombasa, kesho yuko Malaba. Nyumbani alionekana mara moja moja.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Kaloki, wa miaka miwili na kidogo. Na Kaloki, jamani, alikuwa mpole! Halii. Hasumbui. Mchana aliachwa kwa Mama Kasyoka, jirani aliyelea watoto wa wafanyakazi wa ploti yao ya nyumba za kupanga. Alikaa kwenye mkeka mbele ya televisheni mpaka mama yake alipokuja kumbeba, tayari amelala. Asubuhi Nzisa alipofua nguo, alimpa simu yenye katuni za Kiingereza. Kaloki aliikodolea macho mpaka nguo zikaanikwa zote.

"Mtoto wako hana maneno," Mama Kasyoka alimsifu. "Laiti wote wangekuwa hivi!"

Nzisa alifurahi sana. Alijiona mama hodari.

Kulikuwa na jambo lingine, na hili nalisema polepole kwa sababu si Nzisa peke yake anayelifanya. Nzisa hakutaka Kaloki asikie Kikamba. Yeye mwenyewe alipokuwa shuleni alichekwa kwa Kiswahili chake kilichojaa Kikamba. Alichekwa mpaka akaacha kuinua mkono darasani. Basi akaapa, "Mwanangu hatachekwa. Ataanza na Kiingereza moja kwa moja." Lakini Kiingereza cha Nzisa kilikuwa kidogo. Alimwambia mtoto, "Come." Akamwambia, "Eat." Akamwambia, "No." Baada ya hapo hakuwa na la kuongeza, akanyamaza. Mengine aliiachia simu.

Hata mama mkwe wake, Katunge, alikatazwa. Katunge alikuwa amesafiri kutoka Kikima, huko milima ya Mbooni, kuja kumwona mjukuu. Alimpakata, akaanza kumwimbia kwa Kikamba. Nzisa akamwambia, "Susu, tafadhali, usimwongeleshe Kikamba. Atachanganyikiwa."

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Na susu huyu alimweka mtoto chini, akala ugali nusu, na asubuhi akapanda gari la kwanza kurudi kwake.

Siku moja, kabla ya kwenda kazini, Nzisa alipita dukani kwa Ruqiya kununua sabuni. Kaloki alikuwa mgongoni. Ruqiya ni mama wa Kisomali, watu wake wanatoka Garissa, na duka lake limepakana na hoteli ya Ndululu. Mtoto wake mdogo, Hamud, alikuwa ameketi juu ya gunia la sukari. Hamud alikuwa mdogo kuliko Kaloki.

Mbuzi mmoja akaingia dukani, akaanza kutafuna boksi.

"Toka!" Hamud akamfokea mbuzi kwa Kiswahili. "Toka wewe!"

Kisha akamgeukia mama yake, akamshtakia kwa Kisomali, maneno mbio mbio. Halafu akamtazama Nzisa, akanyoosha kidole, akasema kwa Kikamba, "Mbui! Mbui!"

Nzisa alisahau sabuni. Mtoto mdogo hivi, meno yenyewe hayajaisha kuota, na kila mtu anampa lugha yake!

"Mama Hamud, ulimfundisha vipi?" aliuliza.

Ruqiya alicheka. "Wallahi sikumfundisha. Mimi naongea naye tu. Wateja wanaongea naye. Akichoka, analala. Kwani wako anasemaje?"

Nzisa akamtoa Kaloki mgongoni, akamsimamisha chini. "Kaloki, unaona mbuzi?"

Kaloki alimtazama mbuzi. Hakusema kitu. Hakunyoosha kidole. Hakumtazama hata mama yake. Na hapo ndipo Nzisa alipokumbuka kwamba hajawahi kusikia neno lolote kutoka kwa mtoto wake. Hata "mama" tu. Siku zote ukimya huo aliuita upole. Moyo ulimpasuka.

Habari hizo zilifika Kikima kupitia majirani kabla hata jua halijatua. Katunge akapiga simu.

"Nikimaliza kuvuna ndengu, nakuja kumchukua mjukuu wangu," alisema. "Kazi na mtoto vimekushinda, Nzisa. Mimi sigombani. Namchukua tu."

Kitheka naye alipiga simu kutoka barabarani. Lori lilinguruma nyuma yake. "Mama anasema kweli. Acha kazi, ama mtoto aende Kikima."

"Nikiacha kazi, kodi tutalipa na nini?"

"Basi aende."

"Baba Kaloki, ni mtoto wangu!"

Simu ilikatika. Siku hiyo Nzisa alikanda unga huku machozi yakimdondoka. Ndululu alipita, akaona, akajifanya anatafuta kijiko.

Sasa, alikuwepo mtu anayeitwa Musembi. Musembi ni mhudumu wa afya ya jamii. Huzunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake mgongoni, akipima watoto na kuwashauri wazazi. Ni mtu wa maneno mengi. Ukimpa chai, itapoa mkononi mwake kabla hajainywa. Asubuhi moja alifika kwenye ploti yao, na Nzisa akamwambia yote. Hakuficha hata Kiingereza chake cha maneno matatu.

Musembi hakumcheka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama Kaloki. Mtoto alikuwa na simu.

"Hebu tuizime kwanza," Musembi alisema.

Kaloki alilia. Alilia kweli kweli, mpaka majirani wakachungulia. Musembi alingoja anyamaze. Kisha akasogea nyuma ya mtoto na kugonga sufuria polepole kwa ufunguo. Kaloki akageuka.

"Vizuri. Lakini hiyo haitoshi," Musembi alisema. "Mtoto wa umri huu asiyesema hata neno moja lazima akapimwe masikio hospitalini. Wengine wanasikia kelele lakini maneno hayawafikii vizuri. Tukijua mapema, atasaidiwa mapema. Usingoje eti atasema akikua. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sasa nikuonyeshe kitu. Mwambie akuletee kikombe chake. Usinyooshe kidole, usikitazame kikombe. Mwambie kwa Kikamba."

"Kikamba hajui. Sijawahi kumwongelesha."

"Unaongea Kikamba na nani hapa nyumbani?"

"Na dada zangu kwa simu. Na Mama Kasyoka. Na baba yake akija."

"Basi mwambie."

Nzisa aliona aibu. Alijikohoza, akamwambia mtoto kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, amletee kikombe.

Kaloki alimtazama kwa muda mrefu, kana kwamba ni mara ya kwanza kumwona. Kisha akainuka. Akaingia ndani. Waliisikia sufuria ikianguka. Akatoka na kikombe cha buluu, amekishika kwa mikono miwili, akampa mama yake.

Nzisa alibaki mdomo wazi. Nani alimfundisha? Lini? Muda wote huo alidhani mtoto amekaa tu, kumbe alikuwa akisikia! Kila neno ambalo halikuwa lake, alikuwa akiliokota na kuliweka.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mungu wangu, yuko humo ndani!"

"Yuko," Musembi alisema, na yeye pia sauti ilikuwa imeshuka. "Nimeona mara nyingi, na bado sijazoea. Kichwa kidogo hivyo. Yuko humo, anakungoja."

Nzisa alimkumbatia Kaloki mpaka mtoto akaanza kujinasua.

"Lakini nitafanyaje?" aliuliza. "Mimi niko kazini kuanzia mchana mpaka usiku. Sina wakati."

"Unamwosha?"

"Ndiyo."

"Unamvalisha? Unamlisha? Unambeba kwenda kwa Mama Kasyoka?"

"Ndiyo."

"Basi wakati unao. Mikono ikifanya kazi, mdomo uko huru. Unapomwosha, taja mguu, taja maji, sema yamekuwa baridi. Njiani mwonyeshe punda na lori. Akitoa sauti, hata aa tu, mjibu. Halafu nyamaza kidogo umngoje. Mpe zamu yake."

"Niongee naye na hajibu? Watu watasema nimerukwa na akili."

Musembi alicheka mpaka ndoo ikatikisika. "Mama Kaloki! Mimi nakula pale hotelini. Nimekusikia ukiugombeza unga. Eti leo umekataa kulainika, eti unataka kukuaibisha mbele ya madereva. Unauambia unga maneno mengi kuliko unayomwambia mtoto!"

Nzisa alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka, na machozi yakatoka tena.

"Na nimwongeleshe lugha gani?"

"Hiyo unayougombezea unga."

"Kikamba? Shuleni je?"

"Umemwona Hamud. Ana tatu, na hakuna iliyosukuma mwenzake. Kiswahili kitakuja, Kiingereza kitakuja. Mtoto hujifunza kwa mtu anayemtazama usoni na kumjibu. Simu haimtazami. Mpe ile lugha uliyo nayo tele."

Chai ya Musembi ilikuwa imepoa kabisa. Aliinywa hivyo hivyo, akaenda.

Walikwenda hospitalini. Nzisa alimshika Kaloki magotini huku mhudumu wa hospitali akimpima kila sikio. Mwishowe mhudumu akatabasamu. "Masikio ni mazima. Ongea naye. Mrudishe baada ya miezi michache tumwone tena."

Kazi ikaanza. Usidhani ilikuwa rahisi. Siku za kwanza Nzisa aliongea na mtoto kama mtu anayehutubia ukuta. Kaloki alidai simu, akagaragara chini. Nzisa naye nusura ampe. Badala yake alimpa donge la unga, akaketi naye chini, wakalifinya pamoja. Walipolimaliza, alikuwa amesahau simu.

Kisha alikwenda kwa Mama Kasyoka. Mama Kasyoka alinuna.

"Kwani mimi ni mlezi au ni redio?"

"Ni mlezi, na ndiyo sababu nakuomba," Nzisa alisema. "Wewe unakaa naye saa nyingi kuliko mimi. Zima tivi kidogo. Mwimbie. Mwulize anataka nini, hata kama unajua."

Mama Kasyoka aliguna. Lakini kesho yake, Nzisa alipopita, alisikia nyimbo. Mama Kasyoka alikuwa ameketi katikati ya watoto, akimenya viazi na kumpa kila mtoto ganda ashike na kulitaja. Sauti yake ilikuwa mbaya, lakini watoto hawakujali.

Palibaki kwa Ndululu. Hapo Nzisa aliogopa. Je, akimfukuza? Alisubiri mzee amalize kula, maana Ndululu mwenye njaa haombwi kitu.

"Mzee, nakuomba zamu ya alfajiri. Nitoke mchana. Nikirudi usiku mtoto amelala, na nikiondoka hajanizoea. Sijawahi kukaa naye jioni hata moja."

"Wewe unataka kunifunga hoteli!" Ndululu alifoka. "Watu wa usiku watakula nini?"

"Nitasukuma chapati na kuzipanga kabla sijatoka. Mwenzangu wa usiku atazipika tu. Nitamfundisha moto wangu."

Ndululu alichokoa meno. "Mimi nina watoto wakubwa," alisema hatimaye. "Nilikuwa na hoteli tu kichwani. Sijui hata walianza kusema lini. Mmoja wao akinipigia simu, hatuna la kuongea." Akainuka. "Jaribu mwezi huu. Chapati zikiharibika, nitakupigia kelele."

Chapati hazikuharibika. Kelele alipiga, lakini hizo ni zake za kila siku.

Basi jioni zikawa za Nzisa na Kaloki. Walirudi kutoka kwa Mama Kasyoka taratibu, Kaloki akitembea mwenyewe, wakisimama kwa kila jiwe. Nzisa alishangaa. Njia hiyo hiyo aliipita kila siku, lakini hakuwahi kuona wadudu wengi hivyo. Mtoto alianza kunyoosha kidole, halafu kumtazama mama yake ili kuhakikisha kwamba ameona. Kila aliponyoosha, mwili wa Nzisa ulisisimka. Nyumbani, wakiwa mbali na jiko la moto, walifinyanga madonge ya unga. Nzisa aliyahesabu kwa Kikamba. "Imwe. Ili. Itatu. Inya." Moja, mbili, tatu, nne. Kaloki alitazama midomo yake. Neno lenyewe halikuja.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa simu ya Kikima. Nzisa aliipiga akiwa amesimama.

"Susu, nilikukosea. Nilikukataza kuongea na mjukuu wako. Nisamehe. Yuko hapa. Mwongeleshe."

Kisha sauti ya Katunge ikaja, imepasuka kidogo, ikimweleza Kaloki kwa Kikamba habari za ng'ombe wake aliyeruka ua na kula mahindi ya jirani. Kaloki aliweka sikio kwenye simu, akatulia. Kuanzia hapo Katunge alipiga kila jioni. Lakini hakubadili neno lake. "Ndengu zikiisha, nakuja," alisema. "Nitajionea mwenyewe."

Ndengu ziliisha. Katunge alifika Jumapili baada ya kanisa, na kiondo cha ndengu na maparachichi ya Mbooni. Ndani ya kiondo kulikuwa pia na shuka mpya ya kubebea mtoto. Nzisa aliiona, akajua ni ya safari ya Kikima. Kitheka alikuwa nyumbani siku hiyo. Alisimama mlangoni, hajui akae upande gani.

"Kaloki," Katunge aliita kwa upole. Kaloki alijificha nyuma ya mama yake. "Kaloki, mimi ndiye susu wa kwenye simu."

Kaloki akajificha zaidi.

Katunge alishusha pumzi, akamtazama mwanawe. "Bado," alisema.

Nzisa alikuwa na unga mezani, chapati za kumkaribisha mgeni, na hakujua afanye nini na mikono yake isipokuwa kazi. Kaloki alipanda kwenye kiti chake kando ya meza. Nzisa alifinyanga donge, akaliweka. "Imwe." Akaweka la pili. "Ili." Akaweka la tatu. "Itatu." Akaweka la nne, na hapo akawaza kwamba kesho kiti hicho kitakuwa kitupu. Hakuweza kuendelea.

"Inya," ikasema sauti ndogo.

Kitheka alishika fremu ya mlango. Kaloki alikuwa akilitazama donge la nne, kidole kiko juu yake.

"Inya," alirudia, akamtazama mama yake.

Katunge alisogea mezani. Aliinama mpaka uso wake ukakaribiana na wa mtoto. "Itano?" alimwuliza. Tano?

Kaloki alimtazama susu. Akaitazama meza. Akatafuta donge la tano huku na huku, hata chini ya bakuli. Kisha akatikisa kichwa.

"Vai," alisema. Hakuna.

Loo! Kitheka alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mtoto ambaye hakuwa na neno hata moja alikuwa anabishana na susu wake, na alikuwa amesema kweli! Nzisa aliketi chini sakafuni na unga wake mikononi. Neno hilo halikuwa katika hesabu yao. Alilitoa mwenyewe kutoka kule alikoweka maneno yote.

Katunge alicheka na kulia kwa pamoja. Akakunja mikono ya nguo, akakata unga. "Haya, mjukuu wangu," alisema. "Tutengeneze la tano."

Alirudi Kikima baada ya siku chache, bila mtoto. Shuka aliiacha. "Mbebe nayo njiani," alimwambia Nzisa, "na usimnyamazie."

Siku hizi madereva wakitaka chapati moto moto kutoka mkononi mwa Nzisa, wanapita asubuhi. Mchana hawampati. Yuko njiani na Kaloki, na mtoto hamalizi hatua mbili bila kuuliza kitu, Kikamba na Kiswahili vikipishana mdomoni mwake. Juzi Mama Kasyoka alimrudisha, yeye mwenyewe amechoka hoi.

"Nzisa, mtoto wako ana maneno!" alilalamika. "Hanyamazi hata kidogo!"

Nzisa alimpokea Kaloki, akamshukuru Mama Kasyoka mara mbili, na hakukumbuka kuambiwa sifa nzuri kuliko hiyo.